Walter Cannon, munganga aliyefuata woga mpaka ndani ya tumbo la paka

Masasi yakianza kulia usiku, mwili hauombi ruhusa. Moyo unapiga mbio, kinywa kinakauka, mikono inatoa jasho la baridi, na chakula kilicholiwa saa moja kabla kinabaki tumboni kama jiwe. Wengine wanakimbia kilometa nyingi na mutoto mugongoni na muzigo kichwani, na asubuhi wanashangaa wao wenyewe nguvu ile ilitoka wapi. Wengine wanajikojolea, kisha wanaficha nguo kwa haya. Katika Ituri, katika Kivu zote mbili, mpaka Tanganyika, ni vigumu kupata mutu mukubwa ambaye hajapitia mambo haya ao hajayaona kwa jirani.

Mutu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta ni nini kinafanyika ndani ya mwili saa ile anaitwa Walter Bradford Cannon. Alikuwa Mumarekani, profesa wa fiziolojia, na alikufa mwaka wa 1945. Lakini katika maandiko yake ya mwisho mwisho kuna habari moja iliyotoka Kongo. Habari ile itakuja mbele kidogo.

Cannon alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1871 huko Prairie du Chien, muji mudogo kando ya muto Mississippi, katika jimbo la Wisconsin. Katika muji uleule, miaka kama 40 mbele ya kuzaliwa kwake, munganga mumoja wa jeshi, William Beaumont, alikuwa amefanya kazi ya ajabu. Beaumont alikuwa na mugonjwa, Alexis St. Martin, aliyepigwa risasi tumboni mwaka wa 1822. Jeraha lilipona lakini tundu halikufunga. Kupitia tundu lile Beaumont aliweza kuangalia chakula kikisagwa ndani ya tumbo la mutu muzima, na aliona kwamba mugonjwa akiwa na kasirani, kazi ya tumbo inaharibika. Mutoto Cannon hakujua kwamba siku moja yeye ndiye angeendelesha kazi ile.

Maisha ya nyumbani hayakuwa mepesi. Mama yake alikufa Walter akiwa na miaka 10, na mbele ya kufa alimuita kando ya kitanda na kumuachia neno moja tu: awe mwema kwa ulimwengu. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa reli, mutu mukali. Alipoona kijana hatii bidii shuleni, alimutoa masomoni akiwa na miaka 14 na kumuweka kazini kwenye ofisi ya reli. Alikaa huko miaka miwili. Wazazi wengi huku wangesema hapo ndipo masomo yanakufa kabisa. Kwa Cannon ikawa kinyume: alirudi shuleni katika muji wa St. Paul na njaa ya kusoma, akamaliza sekondari kwa miaka mitatu, na mwalimu mumoja mwanamuke akamusukuma aombe nafasi Harvard, chuo kikuu cha watu wenye feza, karibu na Boston. Aliingia huko mwaka wa 1892 kwa bursi na kwa kazi ndogondogo, akamaliza 1896 kati ya wanafunzi wa kwanza kabisa.

Harvard alisikiliza masomo ya William James, mwanafilozofia aliyejulikana sana, na kidogo aache mambo ya uganga afuate filozofia. James mwenyewe ndiye aliyemukataza, akimuonya kwamba njia ile itamujaza tumbo upepo mutupu. Miaka 30 baadaye Cannon atavunja mafundisho ya mwalimu wake juu ya woga na huzuni. Lakini kwanza aliingia masomo ya uganga.

Mwaka ule wa 1896 ulikuwa mwaka wa pekee. Miezi michache tu mbele yake, mwisho wa 1895, Röntgen wa Ujerumani alikuwa amevumbua miale ya X, ile ambayo leo mugonjwa anatumwa kupiga radio akivunjika mukono. Dunia nzima ilikuwa ikipiga picha za mifupa. Profesa Henry Bowditch aliwaza jambo lingine. Aliita wanafunzi wawili, Cannon na mwenzake Albert Moser, akawaambia wajaribu kutumia miale ile kuangalia namna chakula kinashuka kooni. Cannon alikuwa ndio anaanza mwaka wa kwanza. Mwezi wa Desemba walimumezesha imbwa kifungo cha nguo na kukifuata kwa macho kikishuka. Kisha wakamuchukua bata bukini mwenye shingo ndefu, wakamufunga ndani ya sanduku, shingo peke yake ikitoka nje, na kumulisha chakula kilichochanganywa na bismuti. Bismuti ni madini mazito ambayo miale ya X haiwezi kupita, kwa hiyo chakula kinaonekana cheusi kama kivuli kinachotembea. Wenye kupiga radio ya tumbo wakimunywesha mugonjwa maji mazito meupe wanafanya kazi ya namna ileile mpaka leo, ila sasa wanatumia bariumu.

Baada ya bata, Cannon alianza na paka. Alikaa saa nyingi katika giza la laboratwari akitazama tumbo la paka likijikunja kwa mawimbi, wimbi nyuma ya wimbi, likisukuma chakula kuelekea utumbo. Kazi ilienda vizuri, ila kulikuwa na kero. Mara kwa mara mawimbi yalisimama bila sababu. Tumbo lilinyamaza tu, kama mashini iliyokatiwa moto.

Mwanafunzi mwingine angeandika kwamba paka ule hafai na kuchukua mwingine. Cannon aliangalia paka mwenyewe badala ya tumbo peke yake. Aliona kwamba paka madume, ambao hawapendi kufungwa, walikuwa wakihangaika sana, na matumbo yao ndiyo yalikuwa yakisimama. Paka jike wazee walilala kimya na matumbo yao yaliendelea. Halafu kukawa na paka mumoja mwenye watoto. Alikuwa ametulia, tumbo likifanya kazi. Gafula akaanza kuhangaika, kama anayetafuta watoto wake, na palepale mawimbi yakasimama. Cannon alimupapasa polepole. Paka aliponguruma kwa raha, tumbo likaanza tena.

Wamama wengi wa huku hawahitaji miale ya X kwa kujua jambo hili. Muzazi ambaye mutoto wake hajarudi nyumbani saa mbili ya usiku hawezi kumeza hata bugali bwa vidole viwili. Lakini kujua kwa kuona na kujua kwa kuhakikisha ni vitu viwili. Kwa mara ya kwanza mutu alikuwa ameona kwa macho, ndani ya mwili usiopasuliwa, wasiwasi ukisimamisha kazi ya chakula. Cannon aliandika jambo lile mwaka wa 1898, mbele hata ya kupata diploma ya uganga, ambayo aliipata 1900.

Mwaka wa 1901 alimuoa Cornelia James, mwanamuke ambaye baadaye atajulikana kama mwandishi wa vitabu vya hadisi. Hakuwa ndugu wa profesa James, ni majina tu. Baada ya harusi wawili hawa walienda kupanda mulima mumoja wa Montana ambao inasemekana hakuna aliyewahi kufika kileleni, na waliponea chupuchupu. Walizaa watoto watano, mwanaume mumoja na wasichana wanne. Mwaka wa 1906 Bowditch alipumzika, na Cannon, akiwa na miaka 34, akachukua kiti chake Harvard. Alikikalia mpaka 1942.

Sasa swali lilikuwa moja: paka akiogopa, ni nani anapeleka habari tumboni? Mishipa ya fahamu ilijulikana. Kuna mishipa ya jamii moja, inaitwa simpatiko, inayotoka katika uti wa mugongo na kuenda kwa moyo, tumbo, ngozi, mboni ya jicho, bila mutu kuiamuru. Lakini Cannon aliona kwamba paka akishaogopa, mwili unabaki umeshituka hata wakati kilichomuogopesha kimeondoka. Mushipa wa fahamu ni kama simu, ukikata sauti inakatika. Hapa kulikuwa na kitu kinachobaki ndani ya damu.

Macho yake yakaenda kwa tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia. Ilikwisha kujulikana kwamba tezi zile zina dawa kali iitwayo adrenalini, iliyosafishwa na Mujapani Takamine mwanzoni mwa karne. Lakini inafanya nini katika maisha ya kila siku? Mwaka wa 1911 Cannon na kijana aliyeitwa Daniel de la Paz walifanya jaribio ambalo linapaswa kuelezwa polepole. Walichukua damu ya paka aliyetulia, kutoka mushipa ulio karibu na tezi. Kisha wakamuleta imbwa abweke mbele ya paka yule, halafu wakachukua damu tena mahali palepale. Mezani walikuwa na kipande kidogo cha nyama ya utumbo kilichokuwa kingali hai ndani ya maji ya chumvi, kikijikunja na kujikunjua chenyewe. Walipokitia ndani ya damu ya paka mutulivu, kiliendelea kucheza. Walipokitia ndani ya damu ya paka aliyebwekewa, kililegea na kusimama. Woga ulikuwa umeingia ndani ya damu, na ungeweza kuhamishwa kutoka paka mumoja kuenda kwenye kipande cha nyama kisicho na macho wala masikio.

Miaka iliyofuata alikusanya vipande kimoja kimoja. Adrenalini inafungua sukari iliyowekwa akiba ndani ya ini ili misuli ipate cha kuchoma. Inapunguza damu ya tumboni na kuipeleka miguuni na mikononi. Inapanua njia za hewa. Inaharakisha moyo. Inafanya hata damu igande upesi, ili aliyejeruhiwa asimwage yote. Mambo haya yote, alisema Cannon, yana maana moja: mwili unajitayarisha kupigana ao kukimbia. Kinywa kinakauka na chakula kinasimama kwa sababu wakati wa kukimbia simba si wakati wa kusaga chakula. Aliweka yote ndani ya kitabu mwaka wa 1915, kitabu juu ya maumivu, njaa, woga na kasirani.

Hakubaki na paka peke yao. Mwaka wa 1913 mukojo wa wachezaji 25 wa timu ya Harvard ulipimwa baada ya mechi kubwa ya mwisho, ule mupira wa Marekani wa kushika mikononi na kugongana. Kumi na wawili kati yao walikuwa na sukari katika mukojo. Lakini watano kati ya wale 12 hawakugusa mupira. Walikuwa wa akiba, walikaa kwenye benchi wakitazama. Miili yao ilikuwa imejitayarisha kwa vita ambayo hawakupigana. Mwenye kukaa mbele ya radio akingojea habari za muji wake, bila kukimbia wala kupigana, anaweza kujitambua katika wale watano.

Mwaka wa 1917 vita ikamutoa laboratwari. Marekani iliingia katika vita kuu ya kwanza, na Cannon, baba wa watoto watano, akaenda Ufaransa na kundi la hospitali ya Harvard. Karibu na uwanja wa mapigano, huko Béthune, aliona waliojeruhiwa wakifika weupe, baridi, jasho likiwatoka, damu yao ikiwa zaifu kabisa, na wengine wakifa wakati jeraha lenyewe halikuonekana la kuua. Alifanya kazi juu ya hali ile pamoja na Mwingereza Bayliss na wengine. Walipigania mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida: mugonjwa afunikwe apate joto, asirushwerushwe njiani, arudishiwe maji ndani ya mishipa upesi. Jibu kamili hakulipata. Lakini picha ya mutu anayezimika polepole kwa sababu damu yake haisukumwi tena ilimubakia kichwani, na itarudi.

Baada ya vita alianza kuuliza swali kubwa zaidi. Mwili unashituliwa kila siku: baridi, njaa, mbio, homa, kilo nyingi za jasho. Namna gani haupotei? Joto linazunguka digri 37, sukari ya damu kwa mutu aliyeamka bila kula inakaa karibu na gramu 1 kwa litre, chumvi na maji vinabaki katika kipimo chao. Mufaransa Claude Bernard, zamani, alikuwa amekwisha kusema kwamba ndani ya mwili kuna maji yanayokaa sawa hata kama nje kunabadilika. Cannon alionesha wanaofanya kazi ile: sukari ikishuka, adrenalini inaifungua kutoka ini, ikipanda, insulini inairudisha chini. Baridi ikija, mishipa ya ngozi inafunga na misuli inatetemeka ili itoe joto. Hali hii aliipa jina homeostasi mwaka wa 1926, na mwaka wa 1932 akatoa kitabu juu ya hekima ya mwili, kilichoandikwa ili hata mutu asiye munganga aweze kukifuata. Kila muuguzi anayepima sukari, joto na damu ya mugonjwa asubuhi anatembea katika njia ile.

Na kichwa je? Hapa ndipo alipopambana na mwalimu wake. William James alikuwa amefundisha kwamba mwili ndio unatangulia: tunaona hatari, moyo unapiga, miguu inakimbia, na kusikia mambo hayo ndani ya mwili ndiko tunakoita woga. Mwaka wa 1927 Cannon alijibu hapana. Aliona kwamba woga, kasirani, homa na hata baridi kali vinatikisa mwili karibu namna moja. Basi mutu atajuaje kama anaogopa ao amekasirika ao ana homa? Alikuwa pia amekata njia za fahamu kati ya matumbo na ubongo wa paka fulani, na paka wale waliendelea kutoa makucha na kuzomea walipoona imbwa. Mwanafunzi wake Philip Bard alitafuta ndani ya ubongo mahali kasirani inapoamuriwa. Mwaka wa 1928 alionesha kwamba paka aliyeondolewa sehemu ya juu ya ubongo anakasirika kwa jambo bure kabisa, lakini ukikata chini zaidi, chini ya sehemu ndogo iitwayo hipotalamusi, kasirani ile yote inapotea. Kwa maneno mengine, sehemu ya chini inawasha, sehemu ya juu inazuia. Leo wataalamu hawampi ushindi wote Cannon wala James. Moyo unaopiga unaongeza woga, na ubongo haungojei moyo ili uogope. Yote mawili ni kweli.

Kuna mambo aliyokosea waziwazi. Pamoja na Arturo Rosenblueth kutoka Mexiko, alishikilia kwamba mishipa ya simpatiko inatoa dawa za namna mbili alizozipa jina simpatini, moja ya kusukuma na nyingine ya kutuliza. Haikuwa hivyo, baada ya kifo chake Ulf von Euler wa Uswidi alionesha kwamba ni noradrenalini. Zawadi ya Nobel ya 1936 juu ya dawa za mishipa ya fahamu ilienda kwa Dale na Loewi. Jina la Cannon lilipendekezwa mara nyingi, hakuipata hata mara moja. Tena alisema juu ya kupigana na kukimbia, lakini aliacha kidogo kando hali ya tatu ambayo watu wengi wanaijua: kuganda. Wengine wanasikia masasi na miguu inakataa kabisa. Kisha wanajilaumu miaka yote juu ya nini hawakukimbia, juu ya nini hawakulia. Ni ubongo uleule, njia nyingine, na haichaguliwi.

Nje ya laboratwari Cannon hakukaa kimya. Ivan Pavlov, Murusi mwenye imbwa zake zilizofundishwa kutoa mate, aliibiwa feza zake zote ndani ya treni huko New York mwaka wa 1923, na Cannon alikuwa kati ya waliomusaidia. Wakawa marafiki mpaka mwisho. Alitetea majaribio ya wanyama mbele ya waliotaka yakatazwe, lakini aliandika pia kanuni za laboratwari ili wanyama wasiteswe bure. Msomaji wa leo anaweza kuona bado kulikuwa na ukali mwingi. Vita ya Hispania ilipoanza 1936, alisimamia kamati ya kupeleka dawa na waganga kwa upande wa Jamhuri, na magazeti fulani yakamuita mukomunisti. Hakuacha.

Sasa habari ya Kongo. Mwaka wa 1942, akiwa na miaka 70, Cannon alitoa andiko juu ya watu wanaokufa kwa sababu wameambiwa wamelogwa. Alikusanya habari kutoka Amerika ya Kusini, Australia, visiwa vya Pasifiki na Afrika. Moja ilitoka katika safari ya padri Merolla, Mukapusini wa Italia, katika ufalme wa Kongo mwaka wa 1682. Kijana mumoja alilala kwa rafiki yake safarini. Asubuhi rafiki alimutayarishia kuku wa pori. Kijana aliuliza kama ni kuku wa pori, kwa sababu alikuwa amekatazwa kabisa nyama ile. Rafiki alikana, na kijana akala akashiba. Miaka ikapita. Wakakutana tena, rafiki akamuuliza kama atakula kuku wa pori. Kijana akakataa, akaeleza mwiko wake. Rafiki akacheka: kwa nini aogope sasa, wakati alikula zamani kwa meza ileile bila shida? Kijana alianza kutetemeka palepale. Haikupita siku nzima, akawa amekufa.

Chakula kilikuwa kimetoka mwilini miaka mingi. Kuku hakumuua. Kilichomuua, kama habari ile ni ya kweli, ni kujua.

Cannon hakusema kwamba ulozi una nguvu, wala hakucheka wanaouamini. Alisema kwanza lazima sumu iondolewe katika mashaka, neno linalofaa sana mahali ambapo kila kifo cha gafula kinaitwa karuho ao ndumba mbele ya kupimwa. Sumu ikiondolewa, alisema, bado kuna njia. Mutu anaamini amehukumiwa. Jamaa zake nao wanaamini. Wanajitenga naye, kisha wanarudi kumulilia kama maiti akingali hai. Hali, hanywi. Mwili wake umewashwa kwa kupigana ao kukimbia, siku moja, siku mbili, lakini hakuna wa kupigana naye na hakuna mahali pa kukimbilia. Mishipa inabanwa mfululizo, damu inapoteza maji yake, nguvu ya damu inashuka, na mutu anazimika kama askari wale wa Béthune. Aliongeza habari za vita ya Hispania, watu waliokufa kwa wasiwasi mukali bila jeraha, ili asionekane anasema ni jambo la watu weusi tu. Hata hivyo andiko lake linaita watu wale washenzi wasioendelea, na yeye mwenyewe hakuona hata mugonjwa mumoja wa namna ile: alitegemea barua na vitabu vya wasafiri. Hilo ni deni lake. Lakini aliwaachia waganga maagizo ya wazi: wakimuona mutu wa hivyo, wamupime mapigo ya moyo, nguvu ya damu, ubaridi wa ngozi.

Waliokuja nyuma walipima. Curt Richter, mwaka wa 1957, aliona panya waliokata tamaa ndani ya maji wakifa kwa moyo kupunguza mwendo, si kuongeza, kinyume cha alivyotazamia Cannon. Mwaka wa 1990 waganga wa Japani walieleza ugonjwa ambao moyo unavimba upande mumoja gafula baada ya huzuni ao woga mukubwa. Na Hans Selye, huko Montreal, alikuwa ameonesha tangu 1936 kwamba mwili unaoshituliwa kila siku una njia ya pili, ya polepole, inayotoka katika ganda la tezi zilezile za juu ya figo. Homoni yake kubwa ni kortizoli. Ikimiminika miezi na miezi, inasumbua usingizi, sukari, hata sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu. Kwa upande mwingine adrenalini ya usiku mumoja inakaza kumbukumbu ya usiku ule kama musumari, kwa kuamsha sehemu ya ubongo iitwayo amigdala. Ndiyo sababu mama wa kambini anaweza kusahau alipoweka ufunguo leo asubuhi, na akumbuke rangi ya shati la mutu aliyevunja mulango wake miaka kumi iliyopita. Hajapata wazimu.

Kuhusu Cannon mwenyewe, miale ile iliyomufungulia njia ilikuwa imemuharibu. Katika miaka ya kwanza hakuna aliyejua hatari yake. Alikaa mbele ya mashini saa nyingi bila kinga ya maana. Ngozi yake iliungua, ikawasha, ikavimba miaka na miaka, mpaka ikawa saratani ambayo waganga waliihusisha na miale ya ujana wake. Aliendelea kuandika akijikuna. Kitabu chake cha mwisho, juu ya maisha ya mutafiti, kilitoka mwaka wa 1945, na tarehe 1 Oktoba ya mwaka ule alikufa huko Franklin, New Hampshire. Katika vyumba vya radio vya hospitali, hata za huku, yule anayebonyeza kifaa huvaa aproni nzito ya plombo ao anasimama nyuma ya ukuta. Mulima ule wa Montana ungali unaitwa Mount Cannon.